Dereva Anayetangulia kwa Miguu

Hospitali ilikuwa na madereva watatu, na mmoja wao alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na tisa ambaye wenzake walimwita Mama Taratibu. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Alianza kazi pale akifua mashuka. Leseni aliipata ukubwani, baada ya kushindwa mtihani mara mbili, na mumewe, fundi cherehani ambaye hutapika kila akipanda gari, ndiye aliyemshonea mto wa kukalia ili aione barabara juu ya usukani.

Mwaka wake wa kwanza wa udereva alizamisha gari. Aliona maji yamekatiza barabara, akajiambia kwamba gari lake linavuta kwa magurudumu yote manne, akaingia. Magurudumu yote manne yaliacha kugusa chini kwa pamoja. Alikaa juu ya paa kwa muda wa saa sita, akitazama mashuka safi ya wodi mbili yakienda na maji, moja baada ya jingine, yamekunjuka vizuri. Alipotakiwa kuandika maelezo, aliandika sentensi moja: "Sikushuka kutazama." Tangu hapo hushuka.

Siku ninayoisimulia, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na asubuhi hiyo ndiyo kwanza imekatika. Alitumwa kupeleka mifuko minne ya damu kwenye kituo cha afya ng'ambo ya mto, ambako mama mmoja alijifungua alfajiri na damu ikawa haikatiki. Alifuatana na daktari kijana mwenye miezi miwili kazini, ambaye alilipakata boksi la damu mapajani kama mtoto wa watu.

Daraja la mto ule ni la chini: sakafu ya zege na nguzo fupi nyeupe kila upande. Asubuhi hiyo zilionekana nguzo tu, nazo vichwa vyake. Mama Taratibu alisimamisha gari mbali kidogo, akavua viatu, akajifunga kamba kiunoni na kumpa daktari ncha ya pili. Alimwagiza kwamba akianguka, asiruke kumfuata, avute. Kisha akaingia majini na fimbo, akipapasa chini kabla ya kila hatua. Hatua ya kumi maji yalimfika pajani, tena yanasukuma. Akarudi, akachomeka kijiti pale ukingo wa maji ulipoishia, akakaa kwenye bampa.

Daktari aliuliza sasa inakuwaje. Akajibiwa kwamba wanasubiri. Alimweleza kwa kirefu kinachompata mtu anayeendelea kuvuja damu, na Mama Taratibu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Daktari, tukiingia sasa gari litaelea," alisema. "Hapo mgonjwa atakosa damu, na hospitali itakosa daktari."

Barabara ya kuzunguka ilikuwa imekatika tangu jana yake. Wakampigia simu muuguzi wa kituo. Alisema dawa imeipunguza damu na mama anaongea, ila wasipitishe saa nane.

Hapo ndipo alipofika shemeji yake Mama Taratibu, mume wa mdogo wake, muuza saruji. Alikuwa na gari jipya, refu, lenye bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi usawa wa paa. Alimsalimia kwa heshima zote, kisha akamuuliza kama ameanika miguu. Mama Taratibu alimtajia kina cha maji. Shemeji akasema bomba lile alilinunulia siku kama hii.

"Bomba linaisaidia injini kupumua, shemeji. Halishiki chini."

Alipoona mwenzake ameshaamua, alimwomba mambo mawili: ateremshe vioo vyote na asifunge mkanda. Vioo aliviteremsha, kwa kuwa alitaka kuendelea kuongea huku akiondoka.

Aliingia kwa kasi. Wimbi lilipanda juu ya boneti, na katikati ya daraja gari likageuza ubavu polepole, likaenda kuegemea nguzo za upande wa chini. Injini ikazima. Mama Taratibu alimpigia kelele asiiwashe. Aliiwasha mara mbili. Mara ya tatu hapakuwa na cha kuwasha. Akatokea dirishani, akapanda juu ya paa, akakaa. Kisha akapiga simu.

"Shemeji, nimekwama."

"Nimeona."

Alimweleza kwamba gari limeshikwa na nguzo tatu na maji yanapungua, hivyo akae katikati ya paa na asithubutu kuogelea. Shemeji aliuliza mpaka lini. Mama Taratibu alitazama kijiti. Maji yalikuwa yamekiacha kwa upana wa kiganja. Akakadiria muda wa saa mbili. Shemeji akaomba mkewe asijue.

Saa mbili zilipokaribia kuisha aliingia tena na fimbo. Safari hii maji hayakufika goti. Alitembea hadi ng'ambo na kurudi, akihakikisha zege halijabomoka na upande wa juu pana nafasi ya gari kupita. Shemeji aliuliza kama atachukuliwa. Akaambiwa damu itangulie, na kwamba gari la hospitali halitasimama.

"Kwa nini lisisimame?"

"Nikisimama hapa, nitakuwa jirani yako."

Akamwambia daktari afungue mkanda na ateremshe kioo. Akaweka gia nzito, akaingia mwendo wa mtu anayetembea, mguu umetulia kwenye mafuta, bila kugusa klachi, wimbi dogo likitangulia mbele ya bampa. Walipomfikia shemeji, aliinua mkono kama anayesimamisha basi. Mama Taratibu hakugeuza shingo. Alikuwa akitazama nguzo ya mwisho. Daktari alimpungia mkono. Baadaye alisema hakujua afanye nini kingine.

Ng'ambo, alikanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikakauka na kushika, ndipo akaongeza mwendo. Damu ilifika saa saba na robo. Saa kumi yule mama aliomba chai. Daktari alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia kidogo, akanawa uso. Mama Taratibu alikuwa akitoa matope kwenye rejeta na hakumtazama, kwa adabu.

Waliporudi maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Shemeji alikuwa ameshashuka, anamimina maji kutoka kwenye kiatu. Alipanda nyuma, akalala kwenye machela.

Jioni mdogo wake alipiga simu kuuliza kama ni kweli alimpita mumewe juu ya paa bila kusimama. Mama Taratibu akasema ni kweli. Mdogo wake akauliza mumewe alikuwa amekaaje. Akamweleza. Mdogo wake akamwomba arudie, pale mumewe alipoinua mkono.