Tundu la Saba

Tangu Jumatatu, Moraa alipoingia chumba cha chai, mazungumzo yalikatika. Habari zilikuwa zimeenea kwamba bosi amemtuma achungulie kompyuta ya mtu, ila hakuna aliyejua ni ya nani. Mukasa, dereva Mganda, akaanza kumwita afisa usalama. Katika Juba ya mwaka 2007, miaka miwili tu baada ya vita, hilo halikuwa jina la mzaha.

Moraa, binti wa Kisii, alitunza mtandao wa shirika moja la misaada katika mtaa wa Hai Malakal. Kila alasiri intaneti ya setilaiti ilikwama, na meneja Phineas alikwisha kuamua mkosaji: Akur, karani wa stoo aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alidai karani huyo anapakua filamu. Mkataba wa Akur ulikuwa unaisha Ijumaa, na Phineas alitaka ushahidi wa kumfukuzia.

Basi Moraa akaipanga swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo zote, itoe nakala ya kila kilichopita tundu la saba, la Akur, na kuipeleka tundu la ishirini na nne, alikochomeka kompyuta yake. Siku tatu aliona orodha za mahema na sabuni, na barua moja ya Akur kwa dada yake kuhusu mtoto waliyemzika njiani. Alijua haimhusu. Aliisoma yote.

Alhamisi mtandao ulikwama tena, na tundu la saba lilikuwa kimya. Moraa akahamishia nakala kwenye tundu la kwanza, liendalo kwenye dishi, ambako mawasiliano ya wote hupita. Karibu mzigo wote ulitoka kwa mashine moja: seva aliyoiweka mwenyewe chini ya meza yake, ipakue kinga ya virusi. Jenereta ilipozimwa saa saba, upakuaji ulikatika. Ilipowashwa saa nane, seva ilianza upya kutoka mwanzo. Kila siku.

Jioni hiyo Phineas alimkumbusha Moraa kwamba hata wake ni mkataba tu, unaweza kukatizwa.

Ijumaa, mbele ya wafanyakazi wote, Phineas alimtaka Moraa aseme alichokiona.

"Si Akur, bosi. Ni seva yangu. Nimelichungulia tundu lake siku tatu, halina kosa."

"Afisa usalama amejikamata," Mukasa akasema, na chumba kizima kikacheka isipokuwa Akur.

Phineas akautia sahihi mkataba mpya wa Akur bila kuinua macho, kisha akamwambia Moraa asubiri barua yake ya onyo.

Moraa alimfuata Akur stoo. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, lakini Akur alimtangulia.

"Na barua niliyomwandikia dada yangu uliisoma?"

"Niliisoma."

Akur aliinama, akaichomoa kebo ya mtandao kwenye kompyuta yake, akaizungusha mkononi taratibu na kumtupia kifuani.

"Shika mali yako. Na huku stoo usikanyage tena."

Jumatatu orodha za mahema zilifika ofisini zimeandikwa kwa kalamu.