Kamba za Bure

Mwaka 1952, nikiwa na miaka kumi na minne, ndipo taabu iliponianza. Darasa la pili sikulimaliza, kwa hiyo nasema kama ilivyokuwa.

Baba alikwishafariki. Mimi na mama tulikaa Masaki ya shamba, si ile ya mjini, katika nyumba ya udongo na makuti. Chakula chetu cha mwaka mzima, makopa ya muhogo, kilikuwa darini. Siku moja jumbe akaja na tarishi wa bomani, wamebeba mizigo ya kamba za mkonge. Kimbunga kinatoka baharini, akasema. Serikali inataka kila paa lifungwe kamba, na kamba zifungwe kwenye vigingi uani.

"Kwa bei gani?" mama akauliza.

"Bure."

Neno hilo ndilo lililoharibu. Serikali tuliyoijua sisi ilidai kodi na kutulimisha barabara. Itoe kitu bure, tangu lini? Tena kamba na vigingi! Upande wa Kibaha walipita wapima ardhi na vitu hivyo hivyo, na baadaye pakawa shamba la mkonge la mzungu.

"Jumbe, shikamoo umeipokea," mama akasema, "lakini kigingi hakipigiliwi kwangu. Upepo gani unatangazwa kama mnada?"

"Haya mama. Paa likiruka usinililie."

"Likiruka nitalifuata. Shamba likiruka nitalifuata wapi?"

Watu wakacheka, na kitongoji kizima kikakataa kamba. Jumbe akafunga lake peke yake.

Kimbunga chenyewe kilipiga kusini, kwetu ukafika mkia. Mkia ulitosha. Paa letu liliondoka zima, makopa yakalowa, yakaota ukungu. Tulikimbilia kwa jumbe. Akatupa uji, kisha akauliza, "Vipi mama, umelifuata?"

Mama akaendelea kunywa uji wake. Njaa ikanipeleka Kibaha kukata mkonge.

Niliporudi kiangazi, nikakuta vigingi vimepigiliwa shambani kwetu bondeni, vimeunganishwa kwa kamba mpya za mkonge. Jumbe akaapa si zile za bure. Mama hakubishana naye. Aling'oa vigingi vyote, akavipikia ugali. Wapima ardhi walikuja kuuliza mara moja, wakamkuta na panga, wakaondoka. Shamba halikuchukuliwa. Zilikuwa zile au sizo, watu wa serikali mimi siwaamini mpaka leo.

Leo nina shamba lile la bondeni, na hati yake. Mikorosho. Nyumba ya bati. Duka pale Kwa Mathias, Kibaha. Mbuzi saba. Na kamba za kufungia paa, nilizonunua mwenyewe.