Chumba ya Mama kwa Kavira

Leo nimesikia wivu sana.

Kavira, mudogo wangu, amemaliza nyumba yake ku mutaa ya Beu. Akatuita tuione, miye na Mama. Tangu vita imufukuze Mama ku kijiji yake ya Kamango, anaishi kwangu. Kwangu chini ni udongo tu.

Tunaingia mu salon: chini ni carreaux, vigae nyeupe, zinangaa mupaka unaona uso yako.

Mu cuisine, kwenye jiko: simiti ya kukwaruza, ili maji isiangushe mutu.

Mimi niko natafuta kosa.

Nikasema: "Lakini Kavira, Mama amezeeka. Ku carreaux ya salon ataanguka!"

"Ni vile, yaya, mukubwa wangu. Kuya uone."

Akafungua chumba ya nyuma. Chini ni mbao tupu, safi. Mu koridori pia, mbao.

"Masasi ya bunduki ikilia, sisi wote tutalala hapa chini," akasema. "Simiti ingemuletea Mama baridi mu mifupa. Mama, chumba hii ni yako."

Nikamuangalia Mama. Nikangoja aseme hapana.

Mama akavua viatu. Akakanyaga zile mbao polepole, akashika ukuta, akalia.

"Asante, mwana wangu."

Nimerudi kwangu, ku mutaa ya Ruwenzori, peke yangu. Kesho nitamupelekea nguo zake, na nitacheka meno inje. Lakini moyo inachoma.

Batu yangu, semeni ukweli: nani kati yenu alishaonea wivu mutu mwenye hana hata kosa moja?