Mafundo ya Mama wa Kengele

Kila asubuhi, kabla ya kupiga kengele ya shule, Mama wa Kengele aliketi peke yake kizingitini na chane ya ukindu. Mtoto akiingia alimfungia fundo. Asiyekuja alimwachia nafasi yake, kwa kuwa kuandika hakujua. Wiki ile mwalimu alilala na homa tangu Jumatatu. Jumanne upepo ukang'oa makuti ya paa, akapanda kuyafunga mwenyewe. Jumatano mtoto mmoja, Kadzo, akaumwa na nge; mama akambeba mgongoni mpaka zahanati, akarudi kuwafundisha wengine kuhesabu kwa korosho. Ijumaa akaja mkaguzi wa serikali mpya.

“Rejista iko wapi, mama?”

Akampa chane za wiki nzima. Mkaguzi akacheka. “Hizi si za kusukia mkeka?”

“Ni za watoto, bwana.”

“Haya. Jana nani hakuja?”

Mama akaichukua ya Alhamisi, akapitisha kidole gumba polepole juu ya mafundo. “Kadzo, mguu bado umemvimba. Na Rai, mamake amejifungua.”

“Kweli,” watoto wakaitikia.

Mkaguzi akamrudishia chane, akamwambia kwa upole kwamba Jumatatu ataletwa mtu anayejua kuandika. Naye akajibu, “Inshallah,” akashika ufagio, akaanza kufagia. Saa ya kutoka alisimama mlangoni, na kwa kila mtoto aliyepita akafungua fundo lake, mpaka chane ya siku hiyo ikabaki mikunjo mitupu. Akaitundika msumarini, akashika njia ya kwao, Bongwe, na hakurudi tena.