Nani Alilala Hotelini Barbados

Tuliondoka Stanmore, kitongoji cha London, kwa sababu mke wangu Shirin alikuwa hajawahi kulala hotelini. Nasema kwa aibu. Tangu tushuke London na masanduku mawili kutoka Tanga, likizo zetu zote zilikuwa magodoro ya watu: Leicester kwa shangazi, Birmingham kwa binamu, Toronto kwa bwana ambaye udugu wetu naye ulihitaji karatasi na penseli. Ndivyo tulivyo. Mji wenye mtu wetu, kwetu hauna hoteli. Na kila godoro lina jiko lake: mimi sijavua viatu, Shirin yuko tayari anakata vitunguu vya mwenyeji.

Tulipokaribia miaka ishirini na mitano ya ndoa nikamwahidi hoteli. Tulitandaza mezani vitabu vya picha vya mawakala wa safari. Mimi, mwenye digrii mbili, nilichora jedwali la pepo za pwani ya mashariki na magharibi ya Barbados. Shirin akaweka kidole kwenye picha moja tu: hoteli ndogo ya rangi ya waridi, baraza juu ya bahari, trei ya chai kando ya kitanda.

"Hapa," alisema. "Nataka niletewe chai na mtu ambaye simjui mama yake."

Mama yangu alikuwa pembeni akichambua mchele. Aliuliza tu tarehe ya ndege. Ningepaswa kuogopa.

Asubuhi ya safari Shirin alivaa miwani ya jua tangu kituo cha Stanmore, na mvua inanyesha. Ndani ya ndege alicheka kila kitu, hata mkanda wa kiti.

Alasiri tukatua. Mlangoni alisimama bwana mnene na kipande cha boksi chenye jina letu. Alikuwa Kassam, mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa Tanga, barabara ya tatu kutoka kwetu. Mama alikuwa amemwandikia barua. Nilipoanza kueleza habari za hoteli, masanduku yalikwisha ingia garini mwake.

"Hoteli?" alisema. "Na mimi niko hai?"

Shirin alivua miwani, akaikunja, akaitia mkobani. Kilikuwa kitendo kidogo sana, na kiliniuma. Nami, shujaa, nikapanda gari.

Nyumba ya Kassam ilikuwa juu ya duka, na godoro letu lilitandikwa kati ya majora ya khanga na satini. Shirin aliingia jikoni kwa mazoea, kwa Gulbanu, mke wa Kassam. Nilisikia kisu kwenye ubao, kisha kimya, kisha vicheko. Gulbanu alikuwa amemwonyesha dirisha. Ng'ambo ya barabara ilikuwa hoteli ile ile ya waridi. Miaka kumi na minane alikuwa ameitazama akiosha sufuria, wala hajawahi kuvuka, kwa kuwa kila ndege ilimletea mtu wetu wa kumpikia.

Walitoka na mikoba mkononi.

"Kassam bhai," Shirin alisema, "mgeni wako huyu hapa. Mpikie."

Siku tano tuliunguza wali. Kassam alidai tatizo ni mchele wa kisiwani. Asubuhi tulisimama dirishani tukiwatazama wake zetu barazani, miguu juu ya kiti, wakitupungia mikono kama malkia wawili. Siku ya sita, siku yenyewe ya ndoa yetu, Gulbanu alirudi na kuniambia nivuke. Nilipiga shati pasi mwenyewe, na mikunjo ilishuhudia. Mhudumu alipoleta chai nikanyoosha mkono kumimina.

"Tulia," Shirin alinong'ona. "Anamimina yeye."

Tuliporudi Stanmore, Mama aliuliza kama Kassam alitupokea vizuri.

"Mwanao alilala kwake, Mama," Shirin alisema. "Mimi nililala hotelini. Nililetewa chai."

Nilisubiri radi. Mama aliendelea na mchele wake, punje baada ya punje, kisha akainua macho.

"Mpaka kitandani?"

Nilikwenda Barbados nikidhani kazi yangu ni kuchagua upepo tu. Kesho yake niliamka kabla ya watu wote, nikafungua kabati. Zilikuwemo trei tisa, zote za wageni. Nikachukua moja, nikachemsha chai, nikagonga mlango wa Mama.