Anawatafuta Watoto Aliowanyonyesha, na Mimi Nakaa Nao Nyumba Moja

Admin, nisitiri kama ulivyowasitiri wengine. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, Mwislamu, naishi Magogoni, Kisauni, na babu na bibi walionilea tangu mamangu afariki. Wale mnaopenda kutukana kwenye maoni, leo nipumzisheni, sina nguvu.

Nafanya mafunzo ya kazi katika maktaba ya chuo kikuu, upande wa kumbukumbu. Wazee wanarekodiwa wakisimulia maisha ya zamani, na kazi yangu ni kusikiliza na kuandika neno kwa neno. Kisha lazima tumrudie mzee tumsomee yote aliyosema, na akiridhika anatia dole gumba. Mpaka siku maktaba itakapowafungulia watu sauti hiyo waisikilize, ni siri, na nimeitilia sahihi. Kwa hiyo kuandika hapa tayari nimevunja ahadi. Nimeivunja kwa sababu nimekwama.

Mwezi uliopita nilipewa sauti ya bi mkubwa mmoja wa Likoni, miaka tisini na saba, haoni, lakini akili anayo kunishinda mimi. Alikuwa akieleza wakati wa vita vile vya Wazungu. Mtoto wake wa kwanza alikufa ana siku arubaini, ziwa likabaki limejaa. "Wakaniletea msichana, mamake yuwaumwa na homa," akasema. "Alizaliwa ndani ya feri, haijafika ng'ambo." Hapo nilicheka hadi wenzangu wakanigeukia, maana bibi yangu ndiye aliyezaliwa ndani ya feri. Kila Idi tunamtania kwamba hakulipiwa nauli.

Nikaendelea kusikiliza huku natabasamu kama mjinga. "Kesho yake wakaniletea na mvulana, mamake maziwa yamemkauka. Babake fundi viatu pale kivukoni. Mtoto mwenyewe alikuwa na kidole cha sita mkono wa kushoto, kikafungwa uzi kikaanguka. Naliwanyonyesha wote wawili, mmoja huku mmoja huku, mwezi na zaidi."

Babu yangu ana kinundu kando ya kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Nilikuwa nakichezea nikiwa mdogo. Babake alikuwa fundi viatu Likoni.

Kwa msiojua, kwetu Waislamu mwanamke akimnyonyesha mtoto hivyo, huyo ni mwanawe, na walionyonya ziwa moja ni ndugu. Hawaoani. Babu na bibi wana ndoa ya karibu miaka sitini, watoto saba, wajukuu sijui wangapi, na hawajui kitu. Wa kuwaambia hakuwepo. Bi mkubwa aliolewa mara ya pili Tanga akarudi mzee. Familia ya bibi ilihamia Changamwe akiwa bado mchanga, na mamake alikufa kabla bibi hajapata akili. Mamake babu naye alifariki kabla babu hajamposa bibi.

Siku ya kumsomea, tulikwenda Likoni mimi na msimamizi wangu. Nilifanya ujinga. Nilipofika pale pa wale watoto wawili nikaruka kurasa mbili, nikaingia kwenye habari za harusi ya Tanga. Bi mkubwa akainua mkono.

"Mwanangu, macho sina, masikio ninayo. Mbona wanangu umewaruka?"

"Nimekosea ukurasa, bibi."

"Haya, rudi."

Nikarudi, nikasoma, na midomo yake ikawa inanifuata. Nilipomaliza akatia dole gumba, akatushika mikono. "Niliowazaa wote wamekwenda mbele ya haki. Hawa wawili huenda wako hai. Nitafutieni, wallahi sitaki kingine." Msimamizi wangu akafuta machozi. Kwenye feri akaniambia, "Wewe mwenyeji, ulizia. Baada ya Idi tunaifungulia watu sauti hii. Itapendeza tukiwapata." Nikamwambia inshallah. Neno hilo sijawahi kulisema kwa moyo mzito hivyo.

Nilimwendea ustadhi mmoja mbali na mtaa wetu, nikauliza kama naulizia watu wengine. Akasema waliooana bila kujua hawana dhambi na watoto wao ni wa halali, lakini siku likithibiti hawana budi kuachana. Kuthibiti kwenyewe kuna masharti, akasema, hakutoshi kusikia tu. Nikamuuliza masharti gani. Akasema, "Mwenye jambo aje mwenyewe."

Mwenye jambo ana miaka themanini na hatoki nyumbani mpaka mkewe amfunge vifungo vya kanzu, maana mikono inamtetemeka. Bibi hali chakula mpaka babu aonje kwanza, aseme chumvi imekaa sawa. Nimwambie nani kati yao ahame, aende wapi?

Mtasema ninyamaze. Nikinyamaza, baada ya Idi itasikika sauti inayosema mtoto aliyezaliwa ndani ya feri, na Kisauni nzima yuko mmoja tu. Nikisema, nimevunja nyumba iliyonilea. Na kama ni kosa kuwaacha hivyo, basi kosa si lao, wao hawajui. Anayejua ni mimi. Juzi bibi ameniuliza mbona siku hizi nawakwepa, au nimepata mchumba? Nikamwambia ni kazi nyingi. Nimemdanganya mtu aliyenifundisha kusali.

Bi mkubwa hupiga simu kwa msaada wa jirani. Leo asubuhi alipiga tena. "Mwanangu, umepata habari za wanangu?" Nilikuwa nimesimama jikoni. Mlangoni babu alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto, bibi anamfunga kifungo.

Nikamwambia bado naulizia. Nyinyi wenye busara kuliko mimi, akipiga kesho nimjibu nini?