Saa ya Kigoma Kwenye Seva ya Akiba

Saa niliyokuwa navaa ilikuwa ya mama. Alinifunga mkononi bandarini Kigoma, siku mjomba aliponirudisha Rumonge, upande wetu wa Burundi, nianze sekondari, na yeye akabaki kwenye kambi ya wakimbizi kumuuguza bibi. Kigoma wanatutangulia saa nzima. Sikuirekebisha. Nikiitazama nilijua mama anafanya nini: saa moja yuko kwenye foleni ya maji, saa tisa anachagua maharage ya mgawo. Shuleni nilikuwa natoa saa moja kichwani, na sikumwambia mtu, wangenicheka.

Ilipofika likizo, bibi alikuwa ameshazikwa na mama aliomba kurudi. Mjomba alikuwa fundi wa ordinateri, yaani kompyuta, katika ofisi iliyotafuta watu waliotenganishwa na vita. Alinipeleka huko nichape majina. Niliipenda ile kazi kwa sababu haikuhitaji kuongea.

Asubuhi uliandika jina lako na neno lako la siri mara moja tu, na vyote vilivyokuwa ndani ya ordinateri zetu vikafunguka: barua, orodha, dosiye, yaani faili ya kila mtu. Iliyothibitisha kwamba wewe ni wewe ilikuwa seva kubwa ya Bujumbura. Antena ikikatika, seva ndogo ya akiba, iliyokaa chini ya meza ya mjomba, ilijibu mahali pake. Ilikuwa na nakala ya majina yetu wote na maneno yetu ya siri.

Juma lile walikuwa wanapigana milimani juu ya barabara, na Bujumbura haikupatikana tangu Jumanne. Jumatano umeme nao ukaondoka. Ulirudi Alhamisi asubuhi, na Alhamisi ndiyo siku tuliyowasomea watu wa Kigoma, kwa redio, namba za dosiye za wale waliopata jamaa wa kuwapokea. Aliyesomwa alipata nafasi kwenye boti. Mama alikuwa kwenye orodha. Redio ya Kigoma ilifungwa saa sita yao, ambayo kwetu ni saa tano.

Mjomba alikuwa nje anapambana na waya za antena. Aliniita dirishani.

"Mupwa, washa seva ya akiba. Betri yake ya ndani imekufa, itakuuliza saa. Uipe."

Nilifurahi kuaminiwa. Ikauliza, nikatazama mkono, nikaandika.

Saa mbili na nusu mama sekreteri, karani wa ofisi, aliandika neno lake la siri, akakataliwa. Akaandika tena polepole, akitaja kila herufi, sote tukalisikia. Akakataliwa. Nikajaribu langu, nikakataliwa. Mjomba naye hivyohivyo.

"Angalau haiulizi kabila," mama sekreteri akasema. "Inatukataa wote."

Mjomba hakucheka. Alisema nakala ya akiba labda ni ya zamani, maneno ya siri tuliyobadilisha mwezi uliopita hayajaifikia. Akakaa kwenye seva yenyewe, akaingia kwa ufunguo wa fundi usiotegemea orodha ya majina yetu, akanipa neno jipya, nikalijaribu kwenye ordinateri yangu. Hapana. Akabadilisha waya. Hapana. Akazima ordinateri zote, tukangoja, akaziwasha tena.

"Miaka mitatu umesoma Bujumbura," mama sekreteri akamwambia, "kumbe ni kuzima na kuwasha? Hata mimi ningesoma."

"Mama, niache kidogo."

"Nimekuacha. Lakini saa nne inaenda."

Mjomba alinigeukia. "Ile saa uliipa vizuri?"

"Ndiyo, mjomba."

Sikusema uongo. Ndivyo nilivyoamini, na ndilo linaloniumiza hadi leo: hata kutazama mkono wangu mara ya pili sikutazama.

Mama sekreteri alifungua redio, akawaomba Kigoma wapokee majina matupu. Mwanaume wa upande wa pili alijibu kwa upole kwamba kambini akina mama wenye jina kama la mama yangu wako wengi, bila namba ya dosiye hawezi. Fomu zetu za karatasi zilikuwa zimepelekwa Bujumbura juma lililotangulia. Mama sekreteri akanitazama. "Si wewe uliyechapa ya mama yako?"

Nilikuwa nimeichapa mwenyewe. Nilifumba macho. Tarakimu nne za mwanzo zilikuja. Mbili za mwisho hazikuja.

Ndipo mjomba akafanya kitu alichopaswa kufanya mapema, alisema mwenyewe baadaye. Aliandika neno lake la siri la kila siku palepale kwenye seva ya akiba, kwa kibodi yake yenyewe. Ikamfungulia. Kwa hiyo inatujua, akasema, nakala ni nzima. Inachokataa ni ordinateri zetu. Akainama karibu na skrini, akatazama saa kwenye ordinateri yangu, kisha kwenye seva. Zilipishana saa moja kamili. Seva kama hizi zikiona saa hazilingani zinadhani mtu ameiba ombi la zamani analileta tena, zinafunga mlango.

Alitazama mkono wangu. Nadhani aliitambua saa ya dada yake. Akarudisha saa ya seva nyuma, akanionyesha kwa kidevu nijaribu.

Orodha ilifunguka. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Kwenye mkono wangu, saa sita na dakika kumi. Mama sekreteri aliita Kigoma mpaka koo likakauka, na redio ikawa inanguruma tu.

"Iko Alhamisi ingine," akaniambia. "Mutoto wangu, usilie, boti itarudi."

Boti ile ilivuka bila mama. Iliyofuata ilichelewa majuma mawili kwa sababu ya mapigano. Katika juma la pili kipindupindu kiliingia kambini. Mwanaume yule mpole wa redio alitusomea namba za waliofariki, na mjomba aliandika ukutani kwa sababu karatasi haikuwa karibu, akaenda nje akakaa.

Mama sekreteri alitaka kufanya yeye. Nilisema hapana, labda ndiyo mara pekee niliyomkatalia mtu mkubwa. Ilikuwa lazima mtu afungue dosiye ya mama afute "anangoja safari" na kuandika lile neno lingine. Niliandika jina langu na neno langu la siri.

Ilifunguka mara moja. Namba yake inaishia na 41.